Seti ya mihuri ya kadi ya elfu sitini na tano: mihuri chukua, pedi achana nazo

Nianze na bei maana najua ndiyo mnayoitafuta. Nililipa shilingi 65,000, pamoja na gharama ya mzigo kwenye basi kutoka Kariakoo mpaka stendi ya Nanenane hapa Dodoma. Ndani ya boksi kuna karatasi mbili za mihuri ya plastiki laini inayoonyesha upande wa pili, kibao kimoja cha kuibandikia, pedi tatu ndogo za wino (nyeusi, kahawia na kijani), kichupa cha unga wa rangi ya dhahabu wa kuyeyusha kwa moto, kadi 20 zilizokwisha kukunjwa na bahasha zake 20. Jina la kiwanda halipo popote. Kwenye picha ya nje yupo mama anatabasamu akiwa na mkasi mzuri kweli kweli. Mkasi haumo.

Mimi nina steshenari ndogo Makole: kopi, kuprinti, laminesheni, daftari, na foleni ya watu wanaotaka kuazima kalamu. Kadi za mkono nazitengeneza pembeni, na naona wateja wake wanaongezeka badala ya kupungua. Siku hizi mwaliko wa harusi unaingia kwenye simu, kadi ya mchango nayo inaingia kwenye simu, mtu anaitazama, anaguna, anaendelea na mambo yake. Kwa hiyo anayepanda ngazi za duka langu kuulizia kadi ya karatasi anataka kitu cha kushika, kitu ambacho bibi yake atakiegemeza kwenye kabati la vyombo na kukionyesha kila mgeni. Mtu wa namna hiyo ukimpa kadi iliyochapwa kwa mashine anaigeuza nyuma na mbele, anakurudishia.

Naandika hasa kwa walioko huku kanda ya kati, kwa sababu maelezo mengi ya kazi hii yanatoka kwa watu wa pwani au wa nchi zenye mvua, na hewa yetu kavu ina vituko vyake.

Mihuri yenyewe ni mizuri, na hapo sina ubishi. Maua, ndege, matawi, fremu za mviringo, herufi ndogo za kupanga moja moja. Mistari imekatwa safi, hakuna kingo za ziada zinazoshika wino. Ikiwa mipya ina utelezi wa kiwandani, wino unajikusanya vitone vitone na ua linatoka lina madoa meupe. Chukua ufutio wa penseli, sugua uso wa muhuri taratibu, uoshe kwa maji na sabuni kidogo, uache ukauke. Baada ya hapo wino unatandaa vizuri. Raha ya mihuri hii ni kwamba unaibandika kwenye kibao bila gundi na unaona kabisa pale unapogonga, wakati muhuri wa mpira uliogundishwa kwenye mbao unakisia tu ukimwomba Mungu. Ikiacha kunata, ni vumbi. Ioshe, itanata tena. Kitu kimoja tu: isikae juani. Jua linaigeuza manjano na mwisho inakuwa ngumu, na mnajua jua letu halina mzaha. Yangu inakaa kwenye kopo la biskuti chini ya kaunta.

Shida ya mihuri ni maneno. Yote ni ya Kiingereza, ya kutakiana siku njema ya kuzaliwa na ya kushukuru. Wateja wangu wanataka "Hongera kwa Kipaimara", "Idi Mubarak", "Poleni na Msiba", na ukifika msimu wa mahafali ya vyuo wanataka "Hongera Mwanangu" mpaka mkono unauma. Zile herufi za kupanga moja moja zinasaidia kwa jina la mtu, lakini sentensi nzima ukiipanga herufi kwa herufi, mstari lazima upinde mahali.

Basi nikaenda mjini, Uhindini, kwa fundi wa mihuri ya ofisi. Kijana wa watu, ana mashine yake ya kuchonga kwa mwanga na kompyuta imefunikwa taulo kwa ajili ya vumbi. Kabla sijamaliza kueleza, akanyoosha mkono.

"Barua ya ofisi, mama?"

"Ya nini tena?"

"Muhuri bila barua sichongi. Wakinikamata na muhuri wa watu utakuja kunitoa wewe?"

Nikampa kile kikaratasi. Akakisoma: *Hongera Mwanangu, Mungu Azidi Kukuinua*. Akakisoma tena. Akasema, "Haya, hii ofisi sina shaka nayo," akaanza kuchapa.

Alinitoza 12,000 kwa muhuri mmoja wa maneno, na kwa ubora ule siyo ghali. Mkienda kwa mafundi hawa, mwambieni mapema kwamba hamtaki ule mshikio wa kisasa unaojipaka wino wenyewe. Ule ni wa ofisi, una pedi yake ndani na rangi ni hiyo hiyo mpaka kiama. Mwambie akupe mpira mtupu uliochongwa. Halafu chagua mwandiko mnene kidogo. Mwandiko wa nywele nywele unapendeza kwenye kioo cha kompyuta lakini kwenye karatasi yenye mikwaruzo unakatika katikati. Ukifika nyumbani, tafuta kipande cha mbao kwa fundi seremala na kandambili iliyokwisha kazi. Kata soli kwa umbo la muhuri, gundisha soli kwenye mbao, mpira juu ya soli. Ile sponji ya soli ndiyo inayoufanya mpira ubonyee na kufuata mabonde ya karatasi. Mihuri ya mbao ya madukani imetengenezwa hivyo hivyo, ina kitambaa cha sponji katikati, na wao wanakulipisha.

Muhuri ninaoupenda kuliko yote, hata kuliko wa hilo boksi, nao ni wa fundi huyu. Mpwa wangu anachora, akanichorea watu warefu wembamba kwa kufuata michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, ile iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Michoro mingi ya zamani kule ni ya rangi nyekundu ya udongo, kwa hiyo nami nagonga kwa wino wa kahawia unaoelekea wekundu kwenye karatasi ya rangi ya maziwa. Wakati wa vikao vya Bunge, wageni wanazichukua hizo bila kubishana bei. Wenyeji wanauliza, "Hawa watu mbona hawana sura?" kisha wanachukua yenye maua.

Sasa pedi. Hapa ndipo boksi lilipoanguka.

Wino wa kadi, kwa kifupi, uko wa aina mbili kuu. Kuna mwepesi, ambao karatasi inaunywa na unakauka haraka. Na kuna mzito wa pigimenti, ambao chembe zake za rangi zinabaki juu ya karatasi, unachukua muda kukauka lakini rangi yake imeshiba na jua haliifubazi upesi. Pedi za seti hii ni za ule mwepesi, na umetiwa kidogo. Kwa Dar huenda zikavumilia. Hapa kwetu, hasa kuanzia Juni mvua ikiwa imeshasahaulika na ule upepo wa baridi unavuma mchana kutwa, pedi ukiiacha wazi wakati unapokea mteja wa kopi, ukirudi uso wake umeshakauka. Unagonga, jani linatoka nusu. Ukibonyeza kwa nguvu ndiyo unaharibu kabisa, kwa sababu muhuri laini unatanuka na mistari inanenepa.

Mkishakuwa nazo, fanyeni hivi. Zihifadhini zimegeuzwa kichwa chini ili wino ushuke kwenye uso. Funikeni kila baada ya kugonga, hata kama ni kuchosha. Na ile glisirini ambayo kila nyumba Dodoma inayo kwa ajili ya visigino, tone moja likisambazwa kwenye pedi nyepesi iliyoanza kukauka linairudishia uhai, kwa kuwa glisirini inashika unyevu. Tone moja, siyo mnyunyizo. Ukizidisha, kadi haikauki na mteja anaondoka na ua kwenye kidole gumba.

Ile nyeusi haistahili hata glisirini. Siyo nyeusi, ni kijivu cha zambarau, na ukipitisha brashi yenye maji ili utie rangi ndani ya ua, mistari yote inatiririka. Kwa kazi ya kupaka rangi unahitaji nyeusi isiyoyeyuka kwa maji. Mimi naagiza VersaFine ya kampuni ya Kijapani Tsukineko, pedi moja tu, ya pigimenti. Inashika mistari midogo vizuri mno na ikikauka unapaka rangi ya maji juu yake bila wasiwasi. Bei yake inauma, sikatai, kwa sababu pedi moja inakaribia nusu ya boksi zima. Lakini inadumu, na ndiyo inayotofautisha kadi ya kuuza na kadi ya mtoto wa chekechea. Wino wa muhuri wa ofisi, ule wa bluu au zambarau wa kwenye kichupa, unafaa kwa karatasi ya barua; kwenye karatasi nene yenye vinyweleo unasambaa pembeni, herufi zinaota ndevu.

Kuhusu karatasi nitachukua muda kidogo, mnisamehe, ndiyo kazi yangu.

Kadi za kwenye seti zina mistari midogo iliyopishana yenye sura ya kitambaa. Ukipitisha kidole unaisikia, na kwa macho zinapendeza. Lakini zimekunjwa vibaya. Karatasi ya kiwandani ina mkondo: nyuzi zake nyingi zimelala upande mmoja. Ukikunja kufuata mkondo, mkunjo unatoka laini na mkali. Ukikunja kuukata mkondo, karatasi inapasuka mgongoni na kuonyesha weupe wa ndani. Kadi hizi zimekunjwa kuukata. Zile nyeupe hutagundua, ila zile za maruni na bluu zina ufa mweupe mgongoni kabla hata hujazigusa. Kuupima mkondo ni rahisi: shika karatasi, ipinde bila kuivunja upande mmoja, kisha upande mwingine. Upande unaokubali bila kukusukuma ndio mkondo. Na kabla ya kukunja karatasi yoyote nene, piga mfuo kwanza kwa rula na kalamu ya kawaida iliyokwisha wino.

Zikiisha zile 20, msitafute nyingine za kununua. Manila ya kawaida inatosha kwa kujifunzia, ingawa uso wake ni laini mno kwa ninachokipenda mimi. Kwa kadi ya maana natumia karatasi ya kuchorea rangi za maji, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Linganisheni na karatasi ya kopi ambayo ni gramu 80. Ile iliyoachwa na mikwaruzo ina mabonde mazuri, inabeba wino na rangi ya maji bila kujikunja. Na nikipata mtu anayepita Iringa, namwagiza karatasi za mkono za Neema Crafts, ile karakana iliyoanza mwaka 2003 na inayoajiri watu wenye ulemavu. Ndio hao waliojulikana kwa karatasi ya kinyesi cha tembo. Usicheke. Haina harufu, ina nyuzi za nyasi zinazoonekana, na mteja ukimwambia imetokana na nini, kadi imeshauzika.

Ila kugonga muhuri moja kwa moja kwenye karatasi ya mkono ni kutafuta lawama. Nyuzi zinauvuta wino, na mabonde yanabaki meupe. Kwenye karatasi yenye mikwaruzo ya wastani, weka sponji chini ya karatasi (ile kandambili tena, au kipande cha godoro jembamba), tumia muhuri wenye maumbo mapana badala ya mistari ya uzi, paka wino kwa kuigusisha pedi kwenye muhuri mara nyingi kidogo kidogo, kisha gonga na ubonyeze kwa vidole kila kona bila kuutikisa. Utapata picha yenye vitundu vidogo vidogo vya weupe, na hivyo ndivyo inavyotakiwa ionekane. Kwenye karatasi ya mkono mimi sigongi kabisa. Nagonga kwenye kipande laini, nakata, nakibandika juu. Karatasi ile inabaki ikifanya kazi ya fremu.

Unga wa dhahabu nilidhani ni pambo tu la kujazia boksi. Kumbe ndio uliokuja kuwa na kazi kubwa kuliko pedi zote tatu. Unagonga maneno kwa wino mzito usiokauka haraka, unamwaga unga juu yake ungali mbichi, unakung'uta wa ziada urudi kwenye kichupa, kisha unaupasha moto. Chembe zinayeyuka na kuungana, maneno yananyanyuka na kung'aa, ukipitisha kidole unayasoma. Kwa kadi za harusi, jamani, hapa ndipo pesa ilipo.

Tatizo la Dodoma kwenye unga huu ni hewa kavu. Kavu ikizidi, karatasi inajichaji umeme ule mdogo unaosimamisha nywele ukivua sweta, na unga unang'ang'ania kila mahali ambapo hukugonga. Ukiupasha hivyo hivyo unapata kadi yenye ukurutu wa dhahabu. Kwa hiyo kabla ya kugonga, chukua pamba yenye poda kidogo ya mtoto, ipitishe juu ya karatasi nzima, pangusa kwa brashi laini. Kisha gonga, mwaga, kung'uta, na chembe mbili tatu zilizobaki ziondoe kwa ncha ya brashi kavu kabla ya moto. Kuanzia mwezi wa tano mpaka mvua za mwisho wa mwaka hatua hii siiruki. Masika nikiiruka, haidhuru.

Moto wenyewe: draya ya saluni haifai, inapeperusha unga kabla ya kuuyeyusha na joto lake halifiki. Mashine ya hewa ya moto ya mafundi simu inafaa sana, ikiwekwa upepo mdogo. Jirani yangu fundi ananiazima, nami namtolea kopi bure. Usiye na fundi jirani, geuza pasi uso juu, shikilia kadi juu yake upande wa mgongo mpaka uone unga unabadilika ghafla kutoka vumbi hadi kioo. Ukishabadilika, toa hapo hapo. Ukiuchelewesha, dhahabu inazama kwenye karatasi na mng'ao unafifia.

Malalamiko yangu ya mwisho ni bahasha, na hili wauzaji wengi hawalisemi. Kadi za seti ni inchi 5 kwa 7. Bahasha zake 20 zikiisha au mbili zikichanika, hupati saizi hiyo kwenye steshenari za hapa. Zilizopo ni ile ndefu ya barua, au ile kubwa ambayo kadi inacheza ndani. Ndiyo maana nawashauri mkate kadi zenu kutoka A4. Ukiigawa A4 nusu kisha ukakunja kila nusu, unapata kadi mbili za A6, milimita 105 kwa 148, zinazoingia bila taabu kwenye bahasha ya C6, ambayo ni 114 kwa 162. Ukitaka kadi ndefu ya zawadi isiyokunjwa, gawa A4 mara tatu kwa upana, kila kipande kinaingia kwenye ile bahasha ndefu iliyojaa kila duka.

Je, ningeinunua tena? Kwa ajili ya mihuri na kichupa cha unga, ndiyo, kama bei haijapanda. Anayeanza kabisa na ana elfu thelathini tu, aachane na boksi: mhuri mmoja wa maneno kwa fundi wa Uhindini, manila, na jani la mzabibu. Simaanishi muhuri wenye picha ya jani, namaanisha jani lenyewe. Mishipa yake upande wa chini imesimama. Lipake wino upande huo, lilaze kwenye manila wino ukiwa chini, lifunike na karatasi ya kopi, kandamiza kwa kidole gumba kuanzia kikonyo kwenda kwenye ncha. Majani yanapatikana bure kwa yeyote mwenye ndugu Hombolo au Mpunguzi, na hata huku mjini watu wameotesha mizabibu uani.

Pedi zile tatu nimewapa watoto wa jirani wachezee. Wamemaliza nyeusi na kahawia. Ya kijani wameirudisha, wanasema haitoki.